Nilivyong'arisha Silinda za Gari la Kwaya

Nyinyi mnaong'arisha vipuri vya injini kwenye veranda za ghorofa ya saba kule Kware, nimewaona. Msidhani kwa kuwa nimezeeka sina simu. Nimemwona yule wenu mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, anayebeba kifuniko cha injini ya pikipiki kama mama aliyetoka kujifungua, anakigeuzageuza kwenye jua, kisha anaiambia kamera, "Niaje wasee, leo tunatoa kioo." Kioo mmetoa, sikatai. Lakini nilivaa miwani nikaangalia tena, nikaona mmesugua mpaka ule ukingo ambao gasketi inatakiwa kukalia. Ukingo ule ukipinda hata kidogo, mafuta hayakai ndani. Sasa hivi ninavyoandika, mafuta ya pikipiki ile yanadondokea suruali ya mtu mahali fulani barabara ya Outering. Hiyo hamjairekodi.

Mimi ni Zablon. Wanaonijua wananiita Baba Naliaka. Nilifanya kazi karakana ya reli, upande wa shaba na vifuniko, na baadaye nikang'arisha vipuri nyumbani, kwanza Makongeni na sasa hapa Lucky Summer. Siwaandikii kwa sababu ninawapenda sana. Ninawaandikia kwa sababu mnanikumbusha mtu niliyekuwa, na mtu huyo hakunipendeza.

Tuanze na kazi yenyewe, maana najua wengine mtasoma hapa tu kisha mrudi kwenye video zenu.

Aliyenifundisha ni Mzee Otiato, mtu mfupi, mkimya, mwenye vidole vyeusi hata siku ya harusi yake. Hakuwa na mashine. Alikuwa na karatasi za msasa, maji ndani ya mkebe na matambara. Siku yangu ya kwanza alinipa kifuniko cha alumini nikakisugua asubuhi nzima kwa nguvu zangu zote za ujana. Nilipompelekea alikigeuza mara moja tu.

"Ulisugua kuelekea wapi?" akaniuliza.

"Kila upande, mzee."

"Basi hujui ulikotoka wala unakoenda. Rudi."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu analifanya. Ukianza na msasa mkali, sugua kuelekea upande mmoja, tuseme kushoto kwenda kulia. Ukibadilisha ukachukua laini zaidi, sugua kutoka juu kwenda chini, mpaka mistari yote ya kwanza iishe. Ukiona hata mstari mmoja wa zamani umelala kinyume, hujamaliza. Nyinyi mnaruka kutoka msasa wa kuparuza ukuta hadi ule laini kabisa, halafu mnapaka dawa ya kung'arishia na kuomba Mungu. Kwenye video inang'aa. Kwenye jua la saa sita inaonekana kama kipara kilichokwaruzwa na paka.

Na osheni kwanza. Mafuta ya taa, brashi, kisha sabuni na maji moto. Grisi iliyobaki kwenye pembe ikiingia chini ya msasa, inabeba punje za mchanga na kuchora kifuniko chote. Nimeona watu wakilaumu msasa, wakilaumu aliyewauzia, wakilaumu hata chuma. Uchafu walikuwa wameuacha wenyewe.

Nilipoacha kazi ya reli nilijitengenezea mashine. Nilichukua mota ya pampu ya maji iliyokufa, nikaifufua, nikaifunga kwenye mbao nzito, na gurudumu nikalishona kwa suruali za jinzi zilizozeeka, nimezikata mviringo na kuzipanga moja juu ya nyingine kama chapati. Hayo magurudumu yenu ya kununua ni mazuri, lakini jinzi ya mtu aliyebeba mizigo Gikomba miaka mitano imeshalainika kuliko kitu chochote cha dukani.

Sasa sikieni vizuri, kwa sababu hili litawaokoa meno. Gurudumu linazunguka likishuka kuelekea kwako. Kifuniko unakishika chini ya katikati yake, na unasugua uso kwanza, ukingo unauacha utoke pamoja na mzunguko. Ukiuelekeza ukingo juu, gurudumu linaunasa, na kile kitu kinakutoka mkononi kabla hujasema jina lako. Mimi kilinitoka mwezi wa kwanza. Kilipita juu ya kamba ya nguo, kikapita karibu na sikio la mke wangu Rhoda, kikatua ndani ya sufuria ya githeri ya jirani wa mlango wa pili. Jirani hakupiga kelele. Alichukua mwiko, akakitoa, akakiangalia pande zote, akasema, "Baba Naliaka, hii imeiva lakini haina chumvi." Mpaka tunahama Makongeni aliniuliza kila Jumamosi kama leo ninapika.

Basi nilijua kazi. Msinielewe vibaya. Watu walikuja kutoka Donholm, kutoka Buruburu, wenye magari ya kujionyesha, wakitaka wafungue boneti mbele ya wenzao na kila kitu kiwe kama sufuria za bibi harusi. Nami nilizoea kusifiwa. Sifa zikimwingia mtu kila siku kama chai ya saa nne, anaanza kuona kwamba kila kitu duniani kina kasoro moja tu, nayo ni kwamba yeye hajakipitisha kwenye gurudumu lake.

Kanisani kwetu kulikuwa na kwaya, na kwaya ilikuwa na gari, basi dogo lililochoka. Mwalimu wa kwaya alikuwa Ezekiel, karani mpole mwenye sauti nzito ambayo hungeitarajia kutoka kwenye kifua chembamba kama kile. Injini ilipoanza kukohoa, Ezekiel alinijia.

"Ndugu Zablon, kamati imesema wewe ndiye uisimamie hii kazi. Tunakuamini."

Kufunga na kufungua injini nilijua, kama wengi tuliopita karakana ya reli. Lakini silinda zilikuwa zimelika na zilihitaji kuchongwa upya kwa mashine, nami mashine hiyo sina. Kwa hivyo nikaupeleka ule mwili wa injini, lile bonge la chuma lenye matundu manne, kwa Mama Ciru, mtaa wa Baba Dogo.

Mama Ciru alikuwa amerithi karakana kutoka kwa marehemu mumewe. Watu walisema angeiuza baada ya mazishi. Hakuuza. Alivaa ovaroli ya mumewe, akakunja mikono yake mara tatu, akawasha mashine. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakisubiri auze. Naliandika hili bila kujipamba. Sikumwona fundi pale. Nilimwona mjane ndani ya ovaroli kubwa.

Siku tatu baadaye nilienda kuchukua. Nikaangaza tochi ndani ya tundu la kwanza. Ukuta wote wa silinda ulikuwa na mikwaruzo! Mistari myembamba, mingi, imepanda huku na imeshuka kule, ikipishana kama kikapu kilichosukwa. Tundu la pili vilevile. Yote manne.

"Mama Ciru," nikasema, "hii imeisha kweli?"

"Imeisha, Baba Naliaka. Nenda uioshe kwa maji moto na sabuni, uikaushe, upake mafuta, ufunge. Usiiguse na kitu kingine."

"Hata msasa laini kidogo?"

Aliniangalia juu ya miwani. "Nimesema sabuni."

Nikasema sawa, mama. Moyoni nikasema, maskini, mikono imemshinda na hataki kukubali. Na mimi ndiye mwenye jina. Watu wafungue injini ya Zablon siku moja, wakute ndani kumechorwachorwa kama daftari la mtoto wa nasari?

Nilifika Makongeni nikaosha, kama nilivyoambiwa. Halafu nikaleta kijiti, nikakivingirishia msasa ule laini kabisa, nikakifunga kwenye drili. Rhoda alikuwa amekaa mlangoni akichambua sukuma.

"Yule mama alisema uoshe," akasema.

"Ninaosha."

"Hiyo ni kuosha?"

"Rhoda, kazi yangu niachie."

Aliniachia. Nami nilifanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya maishani. Msasa, kisha kitambaa, kisha dawa ya kung'arishia, kisha kitambaa kipya. Siku mbili. Mpaka nikiinama juu ya tundu naona nywele zangu za puani. Nikamwita jirani wa githeri aje aone. Akachungulia, akasema, "Ehe, hapa mtu anaweza kunyolea ndevu." Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Naona baadhi yenu mnatabasamu kwa sababu mnajua tayari kosa liko wapi. Wengi wenu hamjui, na msiojua ndio mnaosema "safi sana mzee." Subirini.

Nikafunga injini. Ikawaka kwa mara ya kwanza, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Moshi kidogo wa bluu ulitoka nyuma. Nikasema ni mafuta ya kufungia, yataungua yaishe. Jumapili tulifungua boneti nje ya kanisa na watu wakapiga picha. Kwa nje kila kifuniko kilikuwa kioo. Nilisimama kando nimeshika mikono nyuma, nikijifanya ninaangalia ndege.

Wiki hiyohiyo mamake Ezekiel alifariki. Alikuwa ameletwa Nairobi kutibiwa, na sasa alikuwa arudishwe kuzikwa karibu na Butere. Kwaya ikaamua imsindikize mama wa mwalimu wao. Viti vya nyuma vikatolewa, jeneza likafungwa vizuri kwa kamba, na watu kumi na wawili wakakaa mbele yake. Nami nilikuwemo, kwa sababu nilisema mwenyewe kwa sauti, "Injini hii naijua, nitaandamana nayo."

Tuliondoka asubuhi. Watu waliimba kuanzia Uplands. Nakuru tulisimama kunywa chai, nikavuta kile kijiti cha kupimia mafuta. Yalikuwa yameshuka nusu. Nusu! Injini iliyofunguliwa juzi! Nikaangalia kama yanavuja chini. Hapakuwa na tone. Basi yalikuwa yanaungua.

Ezekiel akaja nyuma yangu. "Kuko sawa, ndugu?"

"Kuko sawa. Injini mpya hunywa kidogo."

Nikaongeza mafuta, nikafunga boneti. Ningeweza kusema pale. Nakuru kuna magari ya kukodi, kuna mafundi, kuna kila kitu. Nilichokuwa nacho mimi ni picha za Jumapili.

Mlima ulipoanza kweli, baada ya Mau Summit, moshi ukawa mwingi. Wenye magari nyuma yetu waliwasha taa, wengine wakipita wanafunika pua. Ndani, kwaya iliimba kwa nguvu zaidi, kama watu wanaojaribu kutosikia. Karibu na Timboroa ikasikika sauti ya chuma kinachosaga chuma, mara moja, na injini ikakwama. Gari likateleza hadi kando ya barabara. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Kama hamjawahi kusimama Timboroa, pana baridi inayoingia hata kwenye viatu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Watu walishuka wakajikunyata. Shangazi yake Ezekiel, Mama Perusi, dada mdogo wa marehemu, alikataa kushuka. Alisema hawezi kumwacha dadake peke yake ndani ya gari bovu.

Nilifungua boneti. Vifuniko vyangu viling'aa vizuri sana kwenye ukungu ule.

Ezekiel akasimama kando yangu. Hakupandisha sauti. "Ndugu Zablon, ni nini?"

Kila mtu alikuwa akisikiliza. Nikafungua mdomo, na hivi ndivyo nilivyosema, neno kwa neno, maana sijalisahau: "Ni yule mama wa Baba Dogo. Aliharibu silinda. Aliziacha zimekwaruzwa."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Si tulisema kazi ya mashine si ya yule mama." Mwingine akasema hata yeye ana injini pale na ataitoa Jumatatu. Nami nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyejaribu kuzuia na hakusikilizwa.

Tulikaa pale masaa matatu. Ezekiel aliwakusanya wanakwaya kando ya jeneza, wakaimba ili wapate joto. Mwishowe dereva wa lori la maziwa, lililokuwa likirudi tupu, alisimama. Akavua kofia, akauliza marehemu ni nani, akasogeza mitungi yake. Hivyo ndivyo mama yule alivyofika kwao, amelala katikati ya mitungi ya maziwa, dadake kwenye kiti cha mbele na wengine wamejibanza nyuma wameshikilia jeneza.

Mimi nilibaki na gari. Nilisema mtu lazima alilinde. Ukweli ni kwamba sikuweza kuingia kwenye lile lori.

Gari lilivutwa hadi Nairobi na nikaifungua injini nyumbani. Silinda moja ilikuwa imechubuliwa vibaya, pistoni imeacha ngozi yake ukutani. Zile tatu zilikuwa bado zinang'aa. Mnajua nilifikiria nini? Nilifikiria kwamba yule mama alichonga vibaya, nami niliokoa tatu kati ya nne. Hivyo ndivyo kichwa cha mtu anayesifiwa kinavyofanya kazi. Nikapakia lile bonge la chuma, nikaenda Baba Dogo kumwonyesha aibu yake.

Mama Ciru alikuwa peke yake. Mara ya mwisho nilikuta injini zimepangwa hadi mlangoni. Siku hiyo sakafu ilikuwa na nafasi ya kufanyia harusi. Nikaanza hotuba yangu. Hakungoja iishe. Alichukua tochi, akainama kwenye tundu moja, akaingiza kidole, akakizungusha. Akaenda kwenye la pili. Kisha akajinyoosha.

"Nani alisugua hapa?"

Nikaanza kufuta ubavu wa injini kwa tambara.

"Baba Naliaka. Mimi niliacha mistari. Mistari iko wapi?"

"Niliitoa," nikasema. "Ilikuwa... ilikuwa mibaya."

Hakukasirika, na hilo lilinitisha. Alileta kipande cha silinda nyingine aliyokuwa ameimaliza, yenye mistari yake ya kikapu, akaisimamisha kando ya yangu. Akachovya kidole kwenye mafuta, akapaka hapa, akapaka pale. Akavuta kigoda, akaniambia, "Kaa uangalie."

Nikakaa. Kwenye silinda yangu mafuta yalishuka, yakajikusanya chini, ukuta ukabaki mkavu unaong'aa. Kwenye yake mafuta yalibaki juu, yameshikwa ndani ya ile mistari, ukuta wote umelowa. Na zile ringi, pete za chuma zinazoizunguka pistoni, akanieleza, zinahitaji ukuta wenye kukwaruza kidogo ili zijisage na kukaa. Ukuta ukiwa kioo, haziketi kamwe. Mafuta yanapita, yanaungua, na injini inabaki inajisugua kavu mpaka ikwame.

Miaka yote kule reli nilikuwa upande wa vifuniko. Silinda zilikuwa za watu wengine, nami sikuwahi kuvuka sakafu ile kuuliza kwa nini wanaziacha vile. Hatua kama ishirini hivi.

"Wawili walikuja kuchukua injini zao," Mama Ciru akasema. "Hawakuniambia sababu. Wa tatu alituma mtoto. Sasa nimejua. Ulisema ni mimi?"

"Nilisema."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya gari zima."

Akavua miwani akaifuta kwa pindo la ile ovaroli. Nikaanza, "Mama Ciru, nisamehe, mimi..."

"Hapana. Hapa ndani tuko mimi na wewe na mashine. Mashine haikusikia ukinitaja. Nenda kawaambie wale waliosikia. Mmoja mmoja. Ukimaliza uje, nitaichonga tena."

Watu kumi na wawili, nikijitoa mimi wakawa kumi na mmoja. Nawaambia, kuna kazi nyepesi kuliko hiyo. Kubeba mawe ni nyepesi.

Mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, hapa Lucky Summer, alinisikiliza akiwa anageuza chapati. Nilipomaliza, chapati ilikuwa imeungua. Akasema, "Kwa hivyo ni wewe," akafunga mlango, na moshi ukabaki nje pamoja nami. Kijana wa besi alikuwa Kware, ghorofa ya saba. Nilipanda ngazi nikipumzika kila ghorofa kama mgonjwa. Nikamweleza. Akacheka, "Aah mzee, hiyo stori si ilishaisha kitambo?" Nikamuuliza kama bado anaweza kumpelekea Mama Ciru injini. Akasema, "Yule? Zi! Si anaharibunga?" Nikamweleza tena kuanzia mwanzo. Mnaona? Gari lililokwama alikuwa ameshalisahau. Jina la mama wa watu lilikuwa limemkaa.

Mama Perusi nilimpigia simu. Nilitarajia kulaaniwa, maana wazee wa kwetu wana lugha. Akasema, "Mwanangu, kumbe ni wewe uliyemfanya dada yangu asafiri na maziwa? Wakati wa kuumwa alikuwa anakataa kila kitu isipokuwa maziwa." Akacheka kicheko kirefu cha kikohozi, kisha akalia, kisha akakata simu. Sijui mpaka leo kama alinisamehe au alichoka tu.

Ezekiel nilimwacha mwisho, na si kwa heshima. Niliogopa. Nilimkuta akipanga karatasi za nyimbo.

"Nilimwimbia mama yangu kwenye ile baridi," akasema nilipomaliza, "nikijua hakuna kati yetu aliyejua. Nakuru ulijua?"

"Nilijua mafuta yanaungua. Sikujua kwa nini."

"Na kule mlimani, kwa nini ulimtaja yule mama?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi njiani. Niliyaacha yote. "Kwa sababu hakuwa pale," nikasema.

Aliendelea kupanga karatasi. Akaniambia kwamba gari likitengenezwa, nilirudishe, ila yeye angependa nisimwite ndugu kwa muda. Muda huo ulikuwa mwaka na miezi kadhaa. Siku moja baada ya ibada aliniita mwenyewe, "Ndugu Zablon, nisaidie kubeba hiki kinanda," nami nikakibeba kama yai.

Nilirudi Baba Dogo. Mama Ciru hakuniuliza kama nimemaliza. Alikuwa amepigiwa simu na wanne kati yao. Pistoni mpya nilinunua mimi. Alichonga matundu yote manne upya, na alipofika kwenye kazi ya mwisho, ile ya kuweka mistari, akanipa kifaa chenye mawe ya kusugulia, akasimama nyuma yangu. "Panda na ushuke," akasema. "Usikae mahali pamoja. Usiongeze mapambo." Nilikwaruza silinda nne kwa mikono yangu mwenyewe. Nilisikia kama ninamkwaruza mtu uso. Lile gari lilifanya kazi miaka mingine mingi na halikutoa moshi, mpaka kwaya ikaliuza.

Wateja wake hawakurudi wote. Yule aliyetuma mtoto hakurudi kamwe, na nikimwona barabarani bado ninamsimamisha nimweleze. Siku hizi akiniona anavuka.

Kwa hivyo vijana, ng'arisheni. Ng'arisheni vifuniko, mabomba ya nje, kila kinachoonekana na kisichogusana na kingine. Funikeni pua, vumbi la alumini si la kuvuta. Mashati ya mikono mirefu wekeni kando, gurudumu linapenda mikono mirefu. Na kabla ya kusugua kitu chochote, muulize aliyekichonga kwa nini amekiacha hivyo, hata kama yuko ng'ambo ya sakafu, hata kama amevaa ovaroli isiyomtosha. Najua hamtauliza. Mtarekodi.

Mama Ciru bado yuko Baba Dogo. Tangu mwaka ule akipata injini inayohitaji kung'arishwa kwa nje huniletea, na kila anayoleta ameiandika ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: ZABLON, USIGUSE NDANI. Wateja huiona. Huuliza. Mimi huzima mota, nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Wengine hucheka. Wengine huchukua injini yao wakaenda kwa kijana wa jirani mwenye simu nzuri. Rangi ile inatoka kwa tambara moja lenye mafuta ya taa, na tambara ninalo mkononi kutwa nzima. Nikisugua, naizunguka.